Mkaja

Siku ya thelathini na tatu, Newala.
Shingo yangu ni bawaba yenye kutu:
nikitaka kumtazama mwanangu
nageuka mzima mzima, kama kabati linalohamishwa.

Mavyaa anakaza mkaja, goti lake kiunoni kwangu.
"Pumua, Somoe. Ulifunguka wote, sasa tunakufunga."
Kitambaa cha maji moto begani. La kushoto ndilo linalolia,
ndilo alalialo.

Nyuma ya nyumba korosho zinadondoka
juu ya majani makavu; nazihesabu kama deni.
Msimu uliopita niliinama tangu alfajiri
na mgongo haukuuliza kitu.

Nesi alisema: usimfuate mtoto kwa shingo,
mpandishe yeye akufuate. Weka mto.
Mto!
Nimekunja gunia la mwaka jana, nimelifua mara mbili,
nikalivika kanga. Amefika titini
kabla sijainama.

Nikaegemea ukuta. Ubaridi wake ukanishika mgongo
pale ambapo mkono wangu haufiki.
Nikainua kichwa, mara ya kwanza tangu nijifungue,
nikaona paa: bati moja jipya, linang'aa.
Chilumba amelipachika lini,
na mbona hakusema?