Chumba cha Nyuma ya Ukuta

Mvua ya Gijón haina adabu, haipigi hodi.
Ghorofani, juu ya duka la mvinyo wa matufaha,
sisi watu sita tunaichimba upya sayari
ambayo wengine waliichimba sisi tukiwa na meno ya utoto.

Kazi yangu ni mapango.
Zamani yalikuwa meusi na kijani, basi,
na mwanaanga mmoja, kimo chake punje kumi na sita za mwanga,
akishuka peke yake bila ramani, bila neno,
bila wa kumwambia pole.
Sasa yataingia kiganjani:
kidude chembamba kuliko mche wa sabuni,
ramani inajichora kila unapokanyaga,
maji yanameta, kuvu inapumua ukutani,
na ukifa unarudi palepale, huna hata kovu.

Chumba cha arobaini na moja kina ukuta mwongo.
Kila aliyekuwa mtoto mwaka ule anaujua:
inama, ruka, inama tena,
na jiwe linakumeza kama uji.
Nyuma yake hamna kitu.
Si silaha, si adui, si muziki.
Giza tu, la mraba.

Nel, mkuu wetu, akasema: hilo kosa, lizibe.
Nikasema: kosa likikaa miaka thelathini na minane
huwa mlango.
Tukamwandikia mwenyewe, mzee Kurahashi, kule Matsumoto,
aliyeufuma msimbo ule kwa vidole vyake.

Jibu lilikuja kwa posta, stempu ina picha ya kwale.
"Ilikuwa saa kumi alfajiri. Hita imezimwa.
Pa sifuri niliandika moja.
Asubuhi niliona, nikarekebisha,
lakini kaseti zilikwisha kuondoka kiwandani.
Tangu hapo, mtu akinisifu kwa siri ile,
natabasamu kama aliyechanika shati mgongoni.
Tafadhali, ufungeni."

Sikumwambia Nel, wala sitamwandikia mzee,
kwamba majira yale walipofunga kiwanda cha meli
baba alirudi na sanduku la spana
asiweze kulitua.
Alilishika tu, katikati ya jiko,
na mama akipandisha sauti, akiishusha, akiipandisha,
nami sakafuni, pua karibu na kioo,
inama, ruka, inama tena,
nikaingia.
Nikamsimamisha mwanaanga wangu gizani.
Hakuna aliyetupiga risasi humo.
Hakuna aliyetutafuta.
Tukangoja mpaka sahani ziache kulia.

Ile moja ya mzee ilinipa chumba,
na yeye miaka yote anaificha mgongoni.

Nimeufunga.
Jumanne, saa tano usiku, nikafuta moja nikaweka sifuri,
nikaujaribu ukuta mara mia: jiwe ni jiwe.
Lakini chumba sikukifuta.
Kipo palepale nyuma, hakiingiliki,
na ndani yake nimechora, nyeusi juu ya nyeusi,
sanduku la spana
lililotuliwa chini.

Jana nilimpa Antón, mtoto wa dada yangu, kidude cha majaribio.
Amekaa kwenye ngazi, soksi zimelowa,
mkate umemkaukia mkononi, kakumbuka kuuma mara moja tu.
Chumba cha arobaini na moja. Du. Du. Du.
Anaigongesha helmeti kwenye jiwe lilelile.
Nikamuuliza, moyo umenipanda kooni:
unatafuta nini hapo?
Hakuinua macho.
"Kuta zote huwa nazigonga," akasema,
akasogea hatua moja kushoto,
akagonga tena.