Mikia ya Mirta

Mke wangu hufuma. Hamalizi.
Kasha la uvunguni mwetu, hapa Tacuarembó,
lina mablanketi kumi na moja, na yote yana mikia:
kila mraba ulipobadili rangi, ncha inaning'inia
kama ndevu za beberu aliyenyeshewa.
"Kufuma ni kwangu," husema Mirta,
"kuficha ncha ni kwa mwenye subira."
Miaka thelathini na minane,
mwenye subira hakubisha hodi.

Mwaka huu nimetundika mkasi.
Nilikata manyoya ya kondoo tangu sijaota ndevu,
sasa mgongo umegoma, na daktari naye yuko upande wa mgongo.
Basi siku moja ya Juni, baridi ikitafuna vidole,
nikaingia dukani kwa Zulma Bentancur:
naomba sindano.

"Sindano gani?"

Nilidhani sindano ni sindano.

Akamimina kopo zima juu ya kaunta.
Hii ya plastiki, nyekundu, ya watoto wa shule:
nikaipinda kidogo tu, ikalia ka! ikawa mbili.
Zulma akaandika deni bila kuinua macho.
Hii tundu lake pana kama mlango wa zizi,
uzi unaingia ukicheka,
lakini ikipita kwenye kitanzi inaacha tobo la panya.
Hii nyembamba, sufu yangu haikuona hata pa kuanzia.
Hii kali. "Hiyo iache," akasema,
"inachoma uzi kifuani, inaupasua.
Siku ukitaka kufumua, utafumua na machozi."

Nikachukua butu, ya chuma,
ncha imepinda kidogo
kama mdomo wa ndege anayechokoa tope.
Butu haigombani na uzi. Inapiga hodi, inapishwa, inapita.

Nyumbani Mirta alikuwa na mate yake,
majani machungu, maji moto, mrija wa bati;
nami mate yangu nilikuwa nayapaka kwenye ncha ya uzi
ili nitunge.
"Mate ni ya kunywa!" akafoka. "Usilambe sufu, inachanua."
Akanionyesha, mara moja tu, kama anayefukuza nzi:
kunja uzi juu ya sindano, ubane kwa kucha,
chomoa sindano, sukuma mkunjo tunduni.
Vidole hivi vimewahi kumlaza dume la kilo mia.
Mkunjo wa uzi ukavishinda mpaka saa ya chakula.

Nikajifunza. Nenda vitanzi sita, rudi, ruka kimoja,
nenda tena; uzi usiogeuka njiani
hutoka ulivyoingia.
Fundo nalikataa. Fundo ni ahadi ya mlevi.
Palipo na mkia mfupi, maana Mirta hukata kwa hasira,
nilitanguliza sindano tupu ndani ya kitambaa
mpaka tundu lake likabaki nje peke yake,
ndipo nikautunga uzi mlangoni na kuvuta.
Mara nyingine nilinusa: hii sufu naijua,
ni ya kondoo wa bonde lile lenye mawe,
huenda niliwavua mimi.

Blanketi la tisa likanikomesha.
Pamba inayong'aa, inateleza kama samaki.
Nilificha mikia usiku, asubuhi yote imechungulia.
Nikarudi kwa Zulma, kofia mkononi,
kununua ile kali niliyoambiwa niiache.
Hakucheka. Alicheka nilipofika barabarani, nilimsikia.
Pamba ya namna ile haishiki mpaka uichome,
uzi upite ndani ya uzi.

Jana nimemaliza la kumi na moja.
Mirta akalipeleka dirishani, akaligeuza,
akaligeuza tena,
akaniuliza mbele ni wapi.
Hakusema ahsante, si desturi ya nyumba hii.
Ila leo ameanza jipya, la kijani,
na alipofika pa kubadili rangi nilimtazama kwa pembe ya jicho:
aliukata uzi,
akaniachia shibiri nzima.