Herufi Mia na Hamsini

Simu yasema: jieleze.
Herufi mia na hamsini, na nafasi nazo zahesabiwa.
Nimeketi sakafuni, waya wa chaja umefika ukomo wake,
na shangazi yangu, Bi Mwanamize, hajainua mato
kutoka kwenye bafta. Ana sindano baina ya midomo
kwa hiyo anasemea puani: "Soma."

Nasoma: Kofia za asili kutoka kisiwani, kazi ya fundi bingwa.

Sindano inatoka.
"Asili? Nani asiye na asili? Hata kunguru anayo.
Na fundi ni yule aliyeziba mfereji wetu
akatuachia mwingine unavuja.
Futa."

Nafuta.

"Andika salamu kwanda. Mtu hangii kwa watu kama paka."
Asalaam aleikum warahmatullahi wabarakatuh:
arubaini na mbili zimekwenda, na hatujauza kitu.
"Ama baada ya salamu, sisi huku hatujambo..."
Shangazi, hii si barua.
"Si barua, na yasomwa na watu?"

Halafu wenzake. Lazima waandikwe.
Maua huyachora Zamzam wa Gadeni, kwa penseli ya mwanawe wa darasa la pili.
Vitundu hutoboa Bwanamkuu, tangu alipostaafu posta;
mkono uliogonga mihuri miaka thelathini
haukosei pa kugonga.
Anayefua na kutia wanga ni Mwanaate.
"Jina lake lina herufi ngapi?"
Nane.
"Nane ndizo zinazokushinda?"

Nambari imegeuka nyekundu, yahesabu kinyumenyume,
toa tatu, toa kumi na moja, toa sitini,
kama daftari la deni la muuza unga.

"Na ndiya? Watafikaje?
Waambie wakishuka gatini waulize kwa muuza ukwaju,
wapinde kushoto penye mlango usio na komeo..."

Shangazi, mnunuzi yuko Dubai.

Anashona tundu moja. La pili. Anakata uzi kwa jino.
"Dubai," anasema. "Kichwa chake namba ngapi?"

Hapo nikaiweka simu chini.

Kwa sababu mji huu yeye haujui kwa nyuso.
Ishirini na mbili na nusu: babangu.
Imamu ni ishirini na tatu, ijapokuwa hujipimia ishirini na nne.
Marehemu mumewe, ishirini na moja,
"kichwa cha ndege, hakikuweza kulaza hasira hata usiku mmoja."
Lakini hizi za kuuza, miezi miwili kila moja,
miaka ishirini sasa dalali huzikunja katika gazeti
akapanda nazo Mombasa,
akarudi na pesa, na salamu za uongo,
wala hajamwambia hata mara moja
zimekaa juu ya nani.

Nikaandika. Hakunisahihisha:

Nashona kwa mkono, polepole. Mwenye haraka, za mashine ziko dukani. Taja namba ya kichwa, na kichwa ni cha nani. Langoni, Lamu.

Zimebaki ishirini na tatu, nikamwambia.
Tutie nyota? Tutie kimoyo? Tumtie Mwanaate?

Akaiinua kofia ilipo, nusu yake maua, nusu penseli,
akaielekeza dirishani, na jua likampiga usoni
kwa vitone, kama mtu aliyenyunyizwa.
"Ziache. Kofia ikijaa uzi kote haipitishi upepo.
Mtu atatokwa jasho."

Nikabonyeza.

Adhana ya alasiri haijatoka, tukapata mfuasi wa kwanza:
Mwanaate, kutoka chumba cha pili.
Ameandika: Mbona mimi simo?
Harufu ya wanga ikatufikia pamoja na mlio wa simu.

"Mjibu," akasema shangazi, sindano ishazama tena midomoni.
"Mwambie yumo. Ndiye ile ishirini na tatu."