Kamba Isiyo na Mwisho

Mwalimu Semboja aliileta Ijumaa, imeviringishwa
ndani ya gazeti, imefungwa kwa mpira wa baiskeli.
"Itie fremu na kioo," akasema. "Ni ya Marekani,
ya wakati wa vita vikuu vya pili."
Nikaitandaza mezani, pembe nne nikazizuia
kwa patasi, kopo la gundi, rula ya chuma, kikombe cha chai.

Mabaharia wawili juu ya sitaha.
Mmoja mweupe, amebabuka shingoni.
Mmoja mweusi, mweusi wa kwetu kabisa,
ungempita Barabara ya Nane ukamwamkia.
Wanavuta kamba moja.
Nyuma yao jua linapanda, au linazama;
mchoraji hakusema.

Mwalimu akapitisha kidole juu ya rangi bila kuigusa.
Amestaafu, kidole bado kinafundisha.
"Jua ni uhuru. Kamba ni umoja.
Tazama chini: watu wawili, kivuli kimoja."
Kweli. Kivuli kimoja, kinene, chenye mikono minne.
"Na chakula," nikamuuliza, "walikula meza moja?"
Akavua miwani, akaipangusa kwa ncha ya shati.
"Meza mbali. Vyumba mbali. Hata damu
ya kuwatilia majeruhi, chupa mbali."
"Basi mchoraji aliongopa."
"Alichora deni," akasema, akaenda zake msikitini.

Nikabaki na kamba.
Jua sikulijali. Nilitazama
inavyotoka mikononi mwao, inavyovuka sitaha,
hadi ukingo wa karatasi, pu, imekatika.
Mwisho wake haumo. Mwisho wake uko huku nje
kwa aliyeshika upande wa pili.

Na rangi yake naijua. Si njano, si nyeupe:
rangi ya singa zilizoanikwa Pongwe,
siku ya pili juani.

Babu aliletwa huku kutoka Songea kwa amri.
Vita vinataka kamba, waliambiwa, meli zinataka kamba,
na kule zilikokuwa zikitoka Mjapani kafunga mlango.
Hakupewa bunduki. Alipewa kisu na kipande,
siku thelathini kwa kipande,
na kila jani la mkonge lina mwiba nchani,
na mwiba mmoja ulikwenda na jicho lake la kushoto.
Jina lake Komba. Karani hakusikia vizuri
kwa kelele za korona, akaandika Kamba.
Namba 3417, Kamba.
Alizeeka nalo, akilicheka:
"Mzungu aliagiza kamba, akaletewa mimi."

Sisemi ile ya pichani aliikata yeye.
Bahari ina kamba nyingi, na mchoraji huenda
alichora aliyoizoea utotoni, ya kufungia ng'ombe.
Nasema tu kwamba kadi ya pembezoni aliyoichagua Mwalimu,
sentimita tatu, rangi ya maziwa,
ingefunika pale kamba inapotokea.

Nikaipunguza. Kushoto sentimita moja,
kwingine kote tatu. Imekaa upogo, najua.
Na nyuma sikutia waya wa kuning'inizia.
Nilisokota singa pajani kama alivyonionyesha,
nyuzi tatu, mpaka ngozi ikawaka.

Jumatatu Mwalimu akaishika mbali, akaisogeza karibu.
"Umekosea vipimo."
"Sijakosea."
Akautazama ukingo wa kushoto. Pikipiki ikapita,
muuza kahawa akapita na vikombe vyake,
naye bado anautazama. Hakuuliza tena.
Akalipa, akataka risiti.

Nikaandika: kioo. Mbao. Kamba, mita moja.
Kisha nikarudi kwenye neno lile la mwisho,
herufi ya pili tu,
nikaizungusha kalamu juu yake
mpaka ikawa duara.