Jina la Babu Mzaa Baba

Kijana wa vitambulisho pale Isevya
ameuliza bila kuinua macho:
"Jina la babu mzaa baba?"
Nyuma yangu foleni inakohoa.
Kalamu yake imefungwa kwa uzi mezani
kama mbuzi,
na ulimi wangu umefungwa vilevile.

Yapo mawili, mwanangu.
Nafasi uliyonipa ni moja.

La kwanza ni Farijala.
Alizaliwa nalo kambini, mtoto wa sajini Mnubi
aliyempigia saluti Mjerumani
akaondoka naye usiku, kusini,
mwezi ule Wabelgiji walipoingia Tabora.
Wake na watoto wa maaskari wakakusanywa bomani.
Njiani mama yake akamsukumia
kwa mwanamke aliyekuwa akiuza karanga,
asiyemjua hata kwa sura:
"Mchukue. Ana miaka sita. Hali mlenda."

Hayo ndiyo yote niliyorithi kwa mama wa babu.
Hali mlenda.

Mwuza karanga aliitwa Kalunde.
Alimfunga mgongoni, jitoto la miaka sita,
miguu ikining'inia hadi magotini pake,
akatembea siku tatu hadi Ipole
akimjibu kila aliyeuliza:
"Ndui."
Watu wakapisha njia.

Mumewe, Ntinginya, alikuwa mtengeneza mizinga ya nyuki.
Hakuuliza kitu. Alimtazama mtoto
toka utosini hadi kisiginoni,
kisha akaenda porini kubandua gome
refu kuliko desturi.

Wakampa jina: Mihayo.
Kwetu mihayo ni maneno,
na mwenye jina alikatazwa kusema,
maana kambi ilikuwa bado inasikika kinywani mwake.

Kijiji kizima kilijua.
Alijua Katabi mhunzi, aliyedaiwa kodi.
Alijua mke mwenza wa Kalunde,
ambaye hawakusemezana tangu masika ya mwaka juzi.
Ujira wa mchongezi ulikuwa doti ya kaniki
na chumvi ya kujaza kibuyu,
na mwaka ule chumvi ilikuwa hadithi.
Wakala mboga chapwa.
Wakafunga midomo.

Siku askari walipofika
Mihayo alikuwa ndani ya mzinga, wa tatu kutoka chini,
mikono ubavuni, harufu ya nta puani.
Kumbe hawakutafuta watoto siku hiyo.
Walitaka wapagazi.
Wakamchukua Shija, mwana wa Kalunde,
ndevu hana,
wakamtwika sanduku la risasi.
Na kutoka ndani ya gome Mihayo akasikia
nyayo alizozizoea zikienda,
mguu mmoja ukiburuta kidogo.

Shija hakurudi.

Hapa babu alisita kila aliposimulia,
akachokoa moto usiohitaji kuchokolewa.
Kalunde hakumwambia kamwe: wewe ndiwe badala.
Wala hakumwambia: wewe si badala.
Jioni ile alipakua kama kawaida,
akakisogeza mbele yake kibakuli cha Shija,
akasema:
"Kula. Leo si mlenda."

Babu aliishi miaka sabini katika nchi ya asali
asiilambe hata kwa dawa ya kifua.
Na alilala mikono ubavuni, kila usiku,
hata kwenye kitanda cha futi sita.
Tulipomzika
hatukuwa na haja ya kumnyoosha.

"Mzee, jina. Watu wanangoja."

Andika Mihayo.
Andika wa Ntinginya.
Na kama ukingoni mwa karatasi pamebaki nafasi,
japo ya upana wa gome,
mtie Shija hapo.

"Shija ni nani?"
anauliza,
na sasa ameinua macho.