Bibi Ameikalia Ndoo

Bonde la Motagua, mvua huja kama deni la mlevi:
kidogo, kwa kuchelewa, na kwa kelele nyingi.
Miezi mingine yote ni miiba na vumbi,
madungusi marefu yamesimama mikono juu
kama watu waliokamatwa.
Na chini, kwenye shimo lenye ubaridi wa mtungi,
yeye amelala.

Wenyeji humwita nge, ingawa ni mjusi.
Mweusi, na pete za manjano iliyofifia,
ngozi yake punje kwa punje, shanga kwa shanga,
kana kwamba kuna aliyekaa miaka akimtunga uzini
kisha akasahau kupiga fundo.
Mkia mnene: ndiyo ghala yake.
Hana haraka.
Akiuma, haumi akaachia kama nyoka;
anashika, anatafuna, anatafuna,
sumu ikipanda polepole kutoka taya la chini
kwenye mifereji ya meno.
Hata hasira yake ina subira.

Bibi yangu Eustolia aliua kumi na saba.
Hesabu yao ameichonga kwa kisu nyuma ya mlango wa jikoni,
chini kidogo ya msumari wa panga.
Alifundishwa na mama yake, kama alivyofundishwa kusaga mahindi:
kwamba huyu ana radi mkiani,
kwamba akimtazama mjamzito, mimba inaporomoka,
kwamba pumzi yake tu yakausha maziwa ya mbuzi.
"Na wewe," aliniambia, "unalipwa kuwafuata!"
Ni kweli. Nina antena, nina redio isemayo tik, tik,
nina mijusi kumi na mmoja ninaowajua kwa namba.
Majirani huniita mchunga sumu.

Kisha sukari ikampata Bibi.
Kwanza kiu, halafu macho, halafu kidole cha mguu
kilichokataa kupona.
Mjomba Rigoberto, aliye Houston akipaka rangi majumba ya watu,
akatuma dawa ndani ya kisanduku cha barafu.
Tuliihifadhi kwenye friji ya duka la Don Abundio,
kati ya jibini na soda za zambarau,
na asubuhi na jioni nilivuka barabara kuifuata.
Nilimdunga pajani. Hakuwahi kuguna.

Nilikaa na siri msimu mzima.
Jioni moja ikanitoka, kama chafya:
Bibi, dawa hii waliibuni kwa kuiga kitu
kilichomo katika mate ya nduguye yule,
wa jangwani kaskazini, mfupi, wa rangi ya chungwa.
"Nduguye nani?"
Nge.

Akapangusa meza iliyokwisha kupanguswa.
Akalitazama paja lake kama mtu anayetazama nyumba
aliyompangisha mgeni bila kumuuliza jina.
"Dawa ya moto ni moto," nikajitia busara.
"Nyamaza. Huo ni msemo wa watu ambao hawajaungua."

Wiki nzima alidungwa akiangalia ukuta.

Jumanne, mawingu yakiwa yamevimba juu ya milima,
watoto wa Hermelinda wakaja mbio:
Bibi yako yuko njia ya kisimani,
amekaa juu ya ndoo, hataki kuondoka!
Nikamkuta. Ndoo ya bluu imefudikizwa,
Bibi juu yake, panga mapajani,
wanaume watatu wamesimama mbali na mawe yao
kama wachumba waliokataliwa.
Chini ya plastiki: kwaru, kwaru, kwaru.
Namba nane, redio ikaninong'oneza.

"Walitaka kumponda," akasema. "Nikawaambia wamngoje mwenyewe."
Mbingu ikanguruma. Akatupa jicho juu,
mdomo ukamtetemeka (maana ule mkia, na ile radi),
akaishindilia ndoo kwa uzito wake wote.

"Shuka, Bibi, nimchukue."
"Saa ngapi sasa?"
"Kumi na mbili kasorobo."
"Basi kalete kwanza sindano,"
akasema, akianza kukunja sketi,
huku wale watatu wakigeuza nyuso zao.
"Nidunge hapa hapa.
Naye asikie."