Lita Mia Sita na Arobaini

Tuliyamwaga saa moja asubuhi,
ukungu wa Rungwe haujaachia migomba.
Lita mia sita na arobaini.
Mtaro ukawa mweupe hadi barabarani,
mbwa wa jirani wakaja watatu, kisha wakawa saba,
na Bibi Syabumi, aliyeleta lita tatu jana jioni
kwenye kindoo cha rangi kilichosuguliwa kwa majivu,
akasimama na mwavuli wake, akatazama.
Hakuuliza. Heri angeuliza.

Swichi ya tangi ilikuwa chini.
Umeme ulikatika saa nne usiku,
Tumpe akaishusha, kama sheria isemavyo,
akampisha Ambakisye saa tano, akaenda zake.
Umeme ukarudi. Swichi haikupanda.
Kwenye daftari la joto, hata hivyo,
kila saa hadi alfajiri: nne. Nne. Nne.
Nne saba, wino mmoja, zimenyooka,
kama maharage yaliyopandwa kwa kamba.

Ambakisye alisema: hakuniambia.
Tumpe alisema: ningemwambia kwa mdomo gani?
Hatusemezani tangu Pasaka.

Nami nilijua.
Nilikuwepo siku ile Tumpe alipochovya kipimo
katika maziwa ya shemeji yake Ambakisye,
akayarudisha mbele ya foleni nzima:
“Haya yameonja mto.”
Watu wakacheka. Kipimo kilikuwa upande wake.
Kicheko, sijui kilikuwa upande wa nani.

Nilifanya nini, mimi meneja?
Nilichora ratiba upya.
Nikawatenganisha, wasikutane ila dakika kumi,
mmoja anavua buti, mwingine anavaa.
Yataisha yenyewe, nilisema, kama mafua.
Nikaiita busara, nikanywa chai.

Fomu ya bodi ina mstari mmoja: Mhusika.
Mstari wenyewe mfupi, haumtoshi hata mtu mmoja na ukoo wake.
Niliandika, nikafuta, karatasi ikatoboka.
Huyu ndiye aliyebeba keni kichwani kutoka Kyimo
masika yale gari lilipozama kwenye tope.
Ana mtoto kidato cha pili, na nyumba iliyosimama kwenye linta.

Nikawaita wote wawili, tukakalia keni tupu.
Sikuuliza nani. Niliuliza: ilikuwaje?
Mvua ikapiga bati muda mrefu, sikumwokoa mtu.
Mwisho Tumpe akasema, akiitazama sakafu:
“Maziwa nilikuwa sahihi. Maneno, hapana.”
Na Ambakisye, polepole, kama anayeng'oa mwiba:
“Swichi niliiona.
Nikasema, acha ikae kidogo, ashikwe yeye.
Kisha usingizi ukanichukua.”

Kulala ningemtetea.
Kusahau ningemtetea hadi koo likauke.
Lakini aliiona; na alipoamka akaandika nne.
Watu mia moja na kumi hukamua gizani
kwa kuamini tarakimu ile.

Nikaandika: Ambakisye Mwaipopo, kwa daftari.
Chini ya mstari, mahali fomu haiulizi:
Subilaga Mwakalinga, meneja, kwa ratiba.
Bodi ikamwondoa yeye. Mimi ikanikata robo ya mshahara, miezi mitatu.
Mizani hiyo haikukaa sawa, najua;
yeye alirudisha ufunguo, mimi ningali nao.
Alisema “ndaga”, hakunitazama.
Siku hizi hupita na bodaboda, mikungu ya ndizi nyuma,
hapunguzi mwendo hapa kwetu.

Ratiba ile niliichana.
Sasa zamu mbili hukutana nusu saa, watake wasitake.
Jana Tumpe na kijana mpya, Lugano,
walipandishiana sauti juu ya mpira wa maji,
nani aliuacha ukivuja, nani hukunja, nani hakunji.
Nilikuwa ofisini, kikombe ndiyo kwanza kimejaa,
na mlango ulikuwa karibu, ningeweza kuurudishia.
Nikaiacha chai ipoe.
Nikaingia.